Dada Aliyemwamkia Mdogo Wake

Asubuhi ile Nyamizi alikuwa amesimama mbele ya sinki la maabara, mjini Shinyanga, akiosha tumbo la mdogo wake.

Halikuwa tumbo zima. Kilikuwa kipande chembamba kuliko ganda la kitunguu, kimebandikwa kwenye kioo cha slaidi, na pembeni yake vilikuwapo vipande vya watu wengine wa kambi ya wachimbaji ya Mwasabuka. Maji ya bomba yalishuka taratibu, maana yakishuka kwa pupa hubandua kipande kikaenda zake, na hapo huna budi kumtafuta mgonjwa na kumwambia arudi akameze tena mpira wa daktari wa kuchungulia tumbo. Hakuna anayependa kumeza mpira ule mara mbili.

Kazi yenyewe ina utaratibu wake. Unaanza na rangi ya bluu. Kisha tindikali. Kisha unamimina dawa ambayo pale maabara wanaiita Shifu, inayokaa kwenye jokofu ndani ya chupa ya kahawia, na ukiitazama kwenye glasi utadhani ni maji ya kunywa. Inaingia kwenye nyama kimyakimya. Ni pale unapoosha kwa maji ya bomba ndipo wekundu unapopanda, polepole, mpaka unakuwa rangi ya choya, yale maua ya juisi, iliyochemshwa ikaiva. Wanafunzi wanaokuja kujifunza kazi huosha kidogo tu wakaacha, wakihofu watatoa rangi. Nyamizi huwaambia waache woga, kwenye kazi hii kuosha ndiko kupaka.

Hiyo rangi ya choya ndiyo ute. Tumbo la mtu lina tindikali ya kuweza kutoboa nguo, na ute ndio unaolizuia lisijile lenyewe. Tumbo lenye afya huonekana kwenye hadubini likiwa na ukingo mnene mwekundu, kama pindo la kitenge. Bluu ni habari nyingine. Bluu hujitokeza pale tumbo lilipochoka kuungua na kuanza kujigeuza utumbo, likidhani huko kuna nafuu.

Kila kundi la slaidi huwekewa kipande kimoja cha mtu mzima wa afya, ili kisiposhika rangi ujue kosa ni la dawa, mgonjwa hana hatia. Kipande hicho kilikuwa cha Nyamizi mwenyewe. Daktari Nuruddin alipopata mpira wake mpya wa kuangalia matumbo alitafuta mtu wa kuujaribia, na wafanyakazi wote wakakumbuka shughuli zao ghafla, akabaki Nyamizi. Tangu hapo matumbo ya mkoa mzima yalikuwa yakipimwa kwa kulinganishwa na la kwake. Alijivunia jambo hilo kidogo, ingawa si jambo la kumsimulia mtu harusini.

Alipoziweka slaidi chini ya hadubini, kipande chake kilikuwa kizuri kama kawaida. Vya Mwasabuka vilikuwa vimepauka. Huku uzi mwembamba wa choya, kule hakuna kitu, ukuta mtupu. Cha mdogo wake, Sesilia, kilikuwa cheupe chote, na juu ya weupe huo kulikuwa na vidoa vya bluu. Nyamizi alimpenda Sesilia kuliko mtu yeyote aliyebaki duniani. Mama yao alipofariki kule Kishapu, Nyamizi ndiye aliyembeba mgongoni, ingawa mwenyewe alikuwa bado mtoto wa kubebwa. Alilia palepale kwenye kiti cha hadubini, akajifuta machozi kwa mkono wa koti kwa sababu viganja vilikuwa na glavu.

Daktari Nuruddin alikuja akainama, akatazama kwa muda.

"Hawa wanakunywa nini?" aliuliza.

"Maji ya kisima, daktari."

"Kisima kiko wapi?"

"Chini ya bwawa la topesumu la Mzee Marselino, lile la mtambo wake wa dhahabu. Turubai la bwawa limechanika."

Daktari alikuwa mtu makini. Aliandika ripoti, akaipeleka mwenyewe panapohusika, na huko ilipokelewa vizuri sana.

Mchana uleule, mbali kule Mwasabuka, mbele ya Kahama kwa barabara ya kwenda Geita, wachimbaji walipanda kutoka duarani, mashimoni mwao, wakaenda kula kwenye banda la Sesilia. Sesilia, ambaye kambi nzima ilimwita Mama Mbuke kwa jina la binti yake, alipita na jagi na beseni akiwanawisha mmoja mmoja. Maji yalipogusa viganja, rangi ikapanda. Wa kwanza alipata mistari miwili mitatu ya choya, iliyofifia. Wa pili hakupata kitu isipokuwa doa la bluu chini ya kidole gumba. Alilitazama, akakung'uta maji, akauliza kama leo kuna mlenda.

Jioni watu wote wa kambi walikuwa wameshanawa, na kila mmoja alikuwa na tumbo lake kiganjani, aliyemeza mpira na asiyemeza. Rangi haikuuliza nani alipimwa. Ukikauka mkono inafifia, ukinawa inarudi. Nyamizi naye, nyumbani kwake Ngokolo, alinawa apate kula, akaona viganja vyake vimejaa choya kuanzia kwenye kifundo hadi kwenye ncha za vidole. Alikula, akaosha vyombo, kisha akampigia mdogo wake simu.

"Umenawa?"

"Nimenawa, dada."

"Ukoje?"

"Mweupe. Na bluu kidogo. Na wewe?"

"Choya tupu."

"Hongera," alisema Sesilia, na wote wawili wakacheka, ingawa Sesilia alicheka kwa kujibana kwa sababu kucheka kulimuuma.

Kambi ilizoea upesi. Waliotaka kuoa walianza kuombwa kunawa kwanza mbele ya wakwe. Mwenye duka alikoma kumkopesha mtu aliyekuwa na bluu nyingi, akisema hana ubaya na mtu. Na wazee wa kambi, wale wachache waliokaa barazani mchana kutwa, walionekana kuwa na choya nzuri kuliko watoto, jambo ambalo halikuwa na maelezo mpaka Mbuke alipoleta maelezo hayo bila kujua.

Mbuke alikuwa amerudi kutoka shuleni. Akatua begi, akapiga goti kama alivyofunzwa, akampa mama yake mkono na kusema shikamoo. Sesilia akaitikia marahaba. Papo hapo maumivu yaliyokuwa yamemkaba tangu alfajiri yakalegea, akapumua kama mtu aliyefunguliwa mkanda. Alipomnawisha mtoto ili ale, aliona viganja vyake vidogo, ambavyo asubuhi vilikuwa na wekundu wa kutosha, vimebaki vyeupe. Akanawa mwenyewe. Choya ya mtoto ilikuwa kwake.

Alikaa chini. Alielewa kila kitu mara moja, kama mama anavyoelewa mtoto aliyenyamaza chumba cha pili. Rangi ilikuwa inafuata heshima. Ilitoka kwa anayeamkia ikaenda kwa anayeamkiwa, mkono kwa mkono, na ilihama pale tu neno la kuitikia liliposemwa.

"Kuanzia leo usiniamkie," alimwambia Mbuke.

"Nimekosa nini, mama?"

"Hujakosa. Usiniamkie tu."

Mtoto alidhani mama amekasirika. Kwa siku kadhaa alirudi kutoka shuleni na kusimama mlangoni, shikamoo imemjaa mdomoni, hajui aipeleke wapi. Sesilia alijaribu kumrudishia. Alipiga goti mbele ya binti yake akasema shikamoo, lakini Mbuke akaona ni mchezo, akacheka, akakimbia, na bila marahaba rangi haikusogea. Walijaribu hivyo na wazazi wengine pale kambini. Watoto wote walicheka. Mtoto wa Kisukuma aitikie marahaba kwa mama yake, anaanzia wapi?

Ndipo Sesilia alipomsimulia dada yake kwa simu, akilia. Nyamizi alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza kitu kimoja tu: Jumamosi banda litakuwa wazi?

Alifika saa ya chakula, vumbi la njia nzima likiwa kichwani. Karasha za kusaga mawe zilikuwa zikinguruma na wachimbaji walikuwa wamejaa kwenye mabenchi. Sesilia alitoka jikoni akifuta mikono, amekonda, shingo imekuwa ndefu, akanyoosha mkono na kuanza kupiga goti ili amwamkie mkubwa wake. Nyamizi alimwahi. Alipiga magoti yote mawili kwenye vumbi, mbele ya watu na masahani yao, akaushika ule mkono.

"Shikamoo, Sesilia."

Benchi zima liliacha kutafuna. Watu wa pale walikuwa wameona viganja vikibadilika rangi na hawakuacha kutafuna, lakini dada kumwamkia mdogo wake ni jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona.

"Dada, inuka," alisema Sesilia kwa sauti ya chini. "Watu wanatazama."

"Nitainuka ukiitikia."

"Siwezi. Wewe ndiye uliyenilea."

"Basi niitikie kama nilivyokulea. Shikamoo."

"Dada!"

"Shikamoo, mama Mbuke. Magoti yananiuma."

Sesilia alitazama juu kwenye bati, akatazama chini. Kisha akasema marahaba, kwa sauti ndogo ya mtu anayekiri kuvunja chungu cha watu, na Nyamizi akahisi kitu kikimtoka. Hakikuuma. Kilikuwa kama kuvua blauzi ukiwa na usingizi. Aliendelea kuushika mkono wa mdogo wake, akamwuliza habari za nyumbani, za mtoto, za biashara, za mvua, salamu ndefu za kwao, na kila Sesilia alivyosema nzuri ndivyo rangi ilivyozidi kwenda. Walipomaliza wakanawa kwenye beseni moja. Mkono wa Sesilia ulikuwa na choya mpaka kwenye vifundo vya vidole, na vidoa vya bluu vilikuwa vimefunikwa. Alijipakulia maharage yenye pilipili, akala yote, na baada ya kula akalala palepale kwenye benchi, mdomo wazi, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miezi. Nyamizi alikaa pembeni akimfukuzia inzi, akiwa na furaha kubwa kiasi cha kuona aibu.

Ikawa hivyo kila Jumamosi. Tumbo la mtu anayekunywa maji safi lina wema wake, hutengeneza ute mwingine juu ya ule uliopotea, kwa hiyo kila wiki Nyamizi alikuwa na kitu cha kupeleka, ingawa kila wiki kilikuwa pungufu kidogo kuliko wiki iliyotangulia. Sesilia alinenepa. Alianza tena kuimba jikoni. Mbuke aliruhusiwa kumwamkia mama yake kwa mbali, bila kushikana mikono, naye akaridhika na hilo.

Pale maabara, daktari Nuruddin alikuja siku moja na slaidi mkononi.

"Nyamizi, kipande cha kulinganishia kimepauka. Dawa imeharibika?"

"Dawa iko sawa, daktari."

Kipande kile kilikuwa kimekatwa kwake miaka mingi nyuma na kuhifadhiwa kwenye nta, lakini kilikuwa kikipauka sambamba na mwenyewe. Daktari alitazama viganja vya Nyamizi, ambavyo alikuwa ametoka kuvinawa. Aliinua macho, akayashusha.

"Basi," alisema, "tutatumia tumbo langu."

Sasa, juu ya Mzee Marselino. Mtu asije akadhani alikuwa mbaya wa tabia. Mtambo wa kuchenjulia dhahabu ulikuwa wake, bwawa lake, na eneo lote lenye mabanda lilikuwa lake, na hakuwahi kumfukuza mtu. Misiba aliichangia. Kisima ni yeye aliyekichimba, kwa mapenzi yake, pale palipokuwa rahisi kuchimbika. Mwenyewe alikunywa maji ya chupa, kwa mazoea tu. Na katika eneo lile hakukuwa na mtu aliyependa kusalimiana kama yeye. Alishuka kwenye gari akiwa ameshanyoosha mkono, akaupokea mkono wako kwa mikono yake yote miwili, hauachii mpaka ajue watoto wako wote wameamkaje. Kila mtu alimwamkia. Alikuwa mzee, na mzee huamkiwa.

Viganja vya Mzee Marselino vilikuwa vyekundu mpaka vimekaribia kuwa vyeusi. Alikuwa anatafuna pilipili kichaa mbichi kama karanga, huku akizungumza. Aliponawa, maji yenyewe kwenye beseni yaligeuka rangi, na yeye akavitazama viganja vyake kwa utulivu, kama mkulima anavyotazama pamba yake ikiwa imepasuka vizuri.

Watu walijua. Hilo ndilo la kusema wazi, walijua wote, kuanzia mwenyekiti wa kitongoji mpaka watoto. Ndiyo maana zilipokuja habari kwamba mzee anakuja Jumamosi kukabidhi tangi jipya la maji pale kisimani, Mwenyekiti Amosi alipita banda kwa banda akishauri kwa upole kwamba siku hiyo mikono iwe na shughuli. Wanawake wakaja wamebeba mabeseni kwa mikono miwili. Wachimbaji wakajipaka grisi ya karasha mpaka kwenye viwiko. Mwenyekiti mwenyewe alifunga mkono wa kulia kwa bandeji.

Nyamizi alikuwa amefika asubuhi. Alikuwa ameshapiga goti, Sesilia alikuwa ameshaitikia, kwa shida kidogo tu siku hizi, na sasa alisimama katika kundi la watu akiwa mwepesi, tumbo likimchoma, akimtazama mdogo wake akiwa na beseni la maandazi mikononi na wekundu mzuri vidoleni.

Gari lilifika. Mzee Marselino akashuka, mkono mbele. Tangi lilikuwa jeusi na kubwa, limesimamishwa juu ya mawe, likijazwa kutoka kisima kilekile. Mzee aliangalia mabeseni, akaangalia grisi, akaangalia bandeji, akatabasamu kwa wema, mkono wake ukiwa bado angani. Hakuna aliyesogea. Mkono ulikaa pale. Mtu ambaye hajawahi kuona mkono wa mzee ukining'inia hewani bila kupokelewa hajui jinsi kifua kinavyobana.

Nyamizi akatoka mbele.

"Mzee," alisema, "leo tunaomba wewe utuamkie sisi."

Kuna mwanamke aliyeweka beseni lake chini polepole, kama vile limekuwa zito ghafla.

"Wewe binti ni wa wapi?" aliuliza Mzee Marselino.

"Kishapu, mzee. Nafanya kazi mjini, maabara. Huyu ni mdogo wangu." Akawaonyesha watu waliosimama nyuma yake. "Choya yote uliyonayo imetoka kwa hawa. Tunaomba utamke shikamoo, mara moja tu. Wote tutaitikia."

Mzee alifikiri. Hakuonekana kukasirika, na hakujifanya hakuelewa.

"Binti yangu," alisema, "nimwamkie nani? Hapa nani amenizidi umri? Mimi sijawahi kumwambia mtu aniamkie. Hata mara moja. Au nimewahi?"

Alizungusha macho, akiuliza kweli. Watu walitazamana. Ilikuwa kweli, hajawahi. Minong'ono ikapita kwamba mzee ana haki, hajawahi kumlazimisha mtu, na binti huyu wa mjini ameongea kama ambaye hakulelewa. Nyamizi alisikia aibu ikimpanda kutoka miguuni. Alijua amesema sawa, na aibu ikampanda vilevile.

"Tusamehe, mzee," alisema Mwenyekiti Amosi, na tayari alikuwa anafungua bandeji.

Lakini Sesilia alikuwa amemtangulia. Aliliweka beseni la maandazi juu ya jiwe, akafuta mikono kwenye kanga, upande huu na upande huu, akapita mbele ya dada yake bila kumtazama. Akapiga goti.

"Shikamoo, mzee. Umsamehe dada yangu. Ametoka mbali na hajala."

"Marahaba, Mama Mbuke," alisema Mzee Marselino, akaupokea mkono wake kwa mikono miwili. "Mtoto hajambo?"

"Hajambo."

"Biashara inakwendaje?"

"Nzuri, mzee."

"Nyumbani Kishapu, mvua?"

"Zipo kidogo."

Nyamizi alisimama karibu kiasi cha kuona. Choya ilitoka kwanza kwenye ncha za vidole, ikarudi nyuma taratibu, ikaacha vifundo, ikaacha kiganja, na nyuma yake vidoa vya bluu vikajitokeza kimoja baada ya kingine mahali pale pale vilipokuwa. Mzee aliuachia mkono akiwa ameridhika, watu wakajipanga nyuma ya Sesilia wakifutana grisi, na salamu ziliendelea mpaka jua lilipopinda. Baada ya hapo bomba la tangi likafunguliwa, na watu wakapiga makofi kwa viganja vyeupe, na maji yalikuwa maangavu kabisa kwa kuyatazama.

Kabla ya kuondoka, mzee alimjia Nyamizi. Alimnyooshea mkono, na Nyamizi akaitia mikono yake nyuma kama mtoto.

"Haina neno," alisema Mzee Marselino. "Usiponiamkia wewe, salamu zako zinanifikia." Akapanda gari. Alimwambia mwenyekiti kwamba sasa atakuwa akipita kila Jumapili kuangalia tangi.

Walipobaki wenyewe bandani, Nyamizi aliuliza, "Kwa nini, Sesi?"

Sesilia alikuwa ameketi, amejikunja, mkono umebana tumbo.

"Banda liko kwenye eneo lake," alisema. "Na hata kama eneo lisingekuwa lake ningempa tu, dada. Ni mzee wa watu. Ule mkono ungekaa pale mpaka lini?"

Nyamizi alichukua jagi na beseni. Alikuwa na hasira, na hasira hiyo haikuwa na mahali pa kukaa, maana kila aliyetaka kumkasirikia alikuwa ametenda adabu. Alimnawisha mdogo wake, akanawa na yeye. Kwenye kiganja chake mwenyewe kulikuwa kumebaki uzi wa choya, mwembamba, kwenye mstari wa katikati. Akapiga magoti, akampa na huo.

Wiki hiyo ilikuwa ndefu. Maabara ilipokea slaidi nyingine za Mwasabuka na nyingine za kambi ya jirani ambako pia kulikuwa kumewekwa tangi. Nyamizi alizipaka bluu, akazitia tindikali, akazitia Shifu, akaziosha, na palipostahili kuja rangi haikuja. Daktari Nuruddin aliandika ripoti ya pili, nayo ikapokelewa vizuri kuliko ya kwanza. Nyamizi alikunywa uji mwepesi asubuhi na jioni. Alilala mapema. Alijua fika sasa kwamba anachokipeleka Jumamosi hakimalizi Jumapili, na kwamba amekuwa akimpigia goti Mzee Marselino kupitia mkono wa ndugu yake wa damu. Alifikiria kutokwenda. Alifikiria pia usiku mmoja wa Sesilia bila maumivu, ule wa Jumamosi kuamkia Jumapili, mdomo wazi kwenye usingizi.

Jumamosi akapanda basi la asubuhi.

Njiani kichwa kilimzunguka na ilibidi aegemee kioo. Alishuka, akatembea kati ya mabanda akisalimiwa na watu kwa heshima, maana walikwishamsamehe. Sesilia alikuwa amemwona tokea mbali. Alikuwa ametoka nje, amesimama juani mbele ya banda lake, uso umekunjamana kwa maumivu ya wiki nzima, na mkono alikuwa ameshaunyoosha. Nyamizi alianza kupiga goti, na kabla hajafungua mdomo, mdogo wake akasema marahaba.